Nani Azimwe Kwanza

Lauwo wa kampuni alishuka Kitalu E amevaa viatu vyeupe. Mkumbo Msengi alipoviona tu akajua mtu huyu hakuja kushika spana.

Chumba cha seva zamani kilikuwa chumba cha kompresa, enzi zile watu walipochimba vito humu. Sakafu bado ilikuwa na mafuta ya miaka hiyo, na Lauwo akawa anachagua pa kukanyaga kama kuku aliyelowa. Siku hizi hakuna anayechimba. Juu jua linachoma hata nyoka anatafuta kivuli cha chuma, kwa hiyo watu mia tatu na kumi na wawili wamejipanga mashimoni, nyumba arobaini na tatu, kila moja na mlango wake wa chuma, bomba lake la hewa na feni yake.

Lauwo akaweka kishikwambi juu ya kifuniko cha seva. Akasema kile kifurushi kidogo cha programu ya Ngome ambacho Kitalu E walikuwa wakikitumia miaka yote kimefutwa, hakiuzwi tena. Kuna Ngome mpya. Wakiikubali, mwaka wa kwanza watalipa kama zamani. Kampuni inataka kitu kimoja tu, fomu ijazwe.

Mkumbo akaivuta fomu karibu na macho. Ilikuwa na mistari arobaini na mitatu. Juu iliandikwa Orodha ya Kuzimwa.

"Hii ndiyo nini?"

"Utaratibu tu, mzee wangu. Umeme ukipungua, Ngome ya zamani ilikuwa inayumba, nyumba zote zinakwama kwama. Hii mpya haiyumbi. Inazima nyumba moja moja kuanzia chini ya orodha, zinazobaki zinapata hewa kamili. Thelathini zenye afya ni bora kuliko arobaini na tatu zinazokufa pamoja."

Lisingekuwa jambo la kijinga kama asingekuwa anaongelea watu. Ngome kazi yake ilikuwa kuikata seva ile moja vipande arobaini na vitatu. Kila kipande kilikuwa mashine kamili isiyoshikika, mashine pepe, na kila moja ilidhani seva nzima ni yake peke yake. Mashine ya nyumba yako ndiyo inayofungua bomba, inayozungusha feni, inayonusa gesi kabla pua yako haijanusa. Ikizimwa, mlango wako wa chuma unageuka kifuniko cha sufuria.

Mstari wa kwanza wa fomu ulikuwa umeshajazwa kwa chapa. Nyumba ya kumi na saba. Ya Mkumbo.

"Nyumba ya mtunza seva haizimwi," Lauwo akasema kwa upole. "Ukianguka wewe, wote wameanguka. Na nimesikia mama nyumbani ana pumu."

Kifua cha mkewe Nyanjige, Mkumbo alikuwa akikisikiliza kila alfajiri kwa miaka ishirini na sita, kama dereva anavyosikiliza injini mbovu. Hapa mtu alikuwa anampa hewa ya mkewe kwenye sahani. Alichotakiwa ni kujaza mistari mingine arobaini na miwili, na wa mwisho kabisa alikwishajua kampuni inataka awe nani. Ni wale wa Hanang, familia tatu ambazo shimo lao liliporomoka, wakaja na magodoro yao mwaka juzi.

Akasema kuna programu nyingine, Ujima. Haiuzwi. Imeandikwa na watu wa kila mahali na mtu yeyote anaweza kuifungua aone ndani. Mtunza seva wa Kitalu B alimpa nakala na anaitumia mwaka wa tatu sasa.

Lauwo akacheka, si kwa ubaya. "Ya bure hiyo. Mzee Mkumbo, siku mtu akikata pumzi humu, utampigia nani?"

"Na nikikupigia wewe, atafufuka?"

Lauwo akafuta kishikwambi kwa kiganja, akasema anampa siku saba, akapanda lifti na viatu vyake.

*

Nyanjige alikuwa anachambua maharage. Mumewe alimweleza kila kitu, hata ule mstari wa kwanza, kwa sababu hakuwa mtu wa kuficha mambo na pia hakujua jinsi ya kuyaficha.

"Wa mwisho nani?" akauliza.

"Wale wa Hanang."

"Kwa nini?"

"Walikuja mwisho."

"Kwa hiyo wamekuja mwisho, wafe mwanzo." Akatupa kijiwe pembeni. "Baba Monde, fanya unachofanya. Lakini usije ukaniweka mimi mbele ya watu, halafu ukasema ni kwa ajili ya kifua changu. Kifua changu hakijakutuma."

Kikao kilikaa kesho yake kwenye handaki kuu, na kilikuwa kikao cha kelele. Wengi waliitaka Ngome. Hawakuipenda orodha, ila kila mmoja alijiona yuko katikati, na mtu aliye katikati haogopi sana. Tena Ngome ilikuwa na mkataba, na mkataba una jina la kampuni. Mama Mwenyekiti, Nakundwa, mwanamke mpole anayeandika kila neno kwenye daftari, akasema hilo ndilo linalomlaza usingizi: likitokea la kutokea, kuna mlango wa kwenda kugonga. Hiyo Ujima ina mlango gani?

Mtu mmoja kutoka nyuma akataka kujua tangu lini aliyeishia darasa la tano anawashikia wenzake pumzi.

"Kompresa mliyoipumulia miaka kumi na tisa, nani alikuwa anafunga nati?" Mkumbo akamjibu. "Profesa?"

Watu wakacheka, na yeye akatumia kicheko hicho kusema lake. Akasema Ngome imefungwa kwa kufuli, na ufunguo uko kwa mtu mwenye viatu vyeupe. Yeye, mtunza seva, haruhusiwi kubadili hata herufi moja. Wanalipa ili wapate mtu wa kumlaumu. Sawa, kama shida ni mtu wa kumlaumu, wamlaumu yeye, anapatikana, analala mita mia mbili kutoka hapa. Lakini orodha ile haijazi. Anayeitaka aje achukue kalamu, aandike jina la jirani yake pale chini, huku jirani anamtazama.

Hakuna aliyeichukua kalamu.

Mama Mwenyekiti akasema basi itaandikwa kwamba Ujima ikiharibika, dhamana ni ya Mkumbo.

"Andika. Na jina liandike vizuri, wasije wakamfunga Mkumbo mwingine."

Siku ya kuhama, Ngome ilibidi izimwe kabisa, kwa hiyo watu wote walitoka majumbani wakakaa handaki kuu kwa dakika hamsini, na matandiko na masufuria yao kama wanahama kweli. Mkumbo alikuwa na nakala rudufu mbili za kila mashine. Arobaini na mbili zilikubali kuamka ndani ya Ujima. Ya thelathini na moja ilikataa mara mbili. Akaandika swali kwa wenyewe wa Ujima, na kabla chai haijapoa alijibiwa na mwanamke wa Lubumbashi aliyemwonyesha kosa liko wapi, na mwanamume wa Kitwe aliyemtukana kwa kutosoma maelekezo. Akawashukuru wote wawili. Ikaamka.

*

Wiki ya sita vumbi likaja.

Lilianza saa nne asubuhi, na saa nane mchana paneli zote za jua mdomoni mwa mgodi zilikuwa zimefunikwa kama zimepakwa uji. Siku ya pili betri zilikwisha kunywewa. Umeme ukabaki nusu. Mkumbo alikaa mbele ya skrini, akaona Ujima ikifanya kile alichoiagiza: haikuzima nyumba hata moja. Ilizishusha zote kwa pamoja, feni zote arobaini na tatu zikawa zinazunguka kwa asilimia hamsini. Hakuna wa kwanza, hakuna wa mwisho. Alijisikia vizuri, na haoni aibu kulisema hilo hadi leo.

Ndipo akaingia Paskalina Tluway wa nyumba ya arobaini na tatu, mmoja wa wale wa Hanang. Alikuwa ametembea handaki zima na jasho limemlowesha mpaka kiunoni. Hakupiga kelele. Akaomba maji, akanywa, akasema:

"Mzee, kwetu tuko kumi na mmoja."

"Najua."

"Kile kitoto cha shemeji yangu midomo imebadilika rangi. Kama kimetafuna kalamu ya wino."

"Dada, nimegawa sawa. Hata kwangu ni hamsini. Njoo uone."

Paskalina hakwenda kuona. "Umegawa sawa kwa milango. Kwa Mama Mwenyekiti wako wawili, wana hamsini. Sisi kumi na mmoja, tuna hamsini. Milango ndiyo inayopumua?"

Ndivyo walivyogawana tangu enzi za vito: kila shimo mfuko mmoja wa mawe, liwe na watu wanne au kumi na wanne. Hakuna aliyewahi kuhesabu vichwa, kwa sababu genge kubwa lilikuwa genge lenye nguvu, nalo lilijua kujitafutia. Alibeba kanuni ya mawe akaiweka kwenye pumzi, bila hata kufikiri, na yeye ndiye aliyesimama mbele ya watu akapiga kifua. Alikataa kuandika orodha, kumbe alikwishaiandika kwa njia nyingine, na wa chini yake walikuwa wale wale wa Hanang.

"Rudi ukae na mtoto," akamwambia. "Mweke chini ya tundu la feni. Hili nalirekebisha sasa hivi."

Kwenye Ngome asingeweza. Kwenye Ujima kanuni ya mgao ilikuwa faili la kawaida, limeandikwa kwa maneno yanayosomeka, na hakuna aliyemuuliza kitambulisho. Akalitafuta. Juu ya kila mlango kulikuwa na kipima pumzi, kidude kinachonusa hewa wanayotoa watu na kujua ndani wanapumua wangapi. Hesabu hiyo ilikuwa inakuja kwenye skrini siku zote, wala hakuna aliyeitumia kwa lolote. Akafuta pale palipoandikwa mashine, akaweka hesabu ya vichwa. Kabla ya kuwasha akaiambia Ujima impe matokeo yatakavyokuwa.

Nyumba ya arobaini na tatu: asilimia sabini na sita.

Nyumba ya kumi na saba, mtu mmoja, maana yeye alikuwa huku: asilimia saba.

Feni ikiwa chini ya ishirini haisukumi hewa. Inapepea tu, kama mtu anayefukuza inzi bila nia.

Hapo ndipo simu ya nje ikalia. Ilikuwa Lauwo. Kampuni ilikuwa inaona umeme wa vitalu vyote kutoka huko ilikokaa. Sauti yake ilikuwa nzuri, ya mtu aliye kwenye chumba chenye hewa. Akasema hana kinyongo. Ngome mpya anaweza kuiwasha kutoka huko huko kwa dakika tatu, nyumba ishirini na moja zipate hewa kamili, ya kumi na saba ikiwa ya kwanza. Mkumbo aweke tu kidole kwenye kioo cha skrini kukubali.

"Na hizo ishirini na mbili?"

"Mzee Mkumbo, hapo ulipo huwezi kuokoa wote. Nimeona hali kama hii vitalu vitatu. Aliyejaribu kuokoa wote alizika wengi."

"Inawezekana ni kweli."

"Basi weka kidole. Fikiria mkeo."

"Mke wangu muulize mwenyewe, atakutukana," Mkumbo akasema. "Kidole siweki. Humu hakuna mtu wa kuzimwa, Bwana Lauwo, na mimi siyo swichi yako."

Akakata.

Palikuwa na njia ya tatu, naye aliijua. Mstari mmoja tu ndani ya faili lile: nyumba ya kumi na saba, usishuke chini ya hamsini. Nani angeliona? Programu ambayo haimzuii mtu kutenda haki haimzuii kuiba pia. Hiyo ndiyo bei yake, na wanaoisifu hawaisemi sana. Aliuandika mstari ule. Akautazama. Halafu akachukua simu ya ukutani, akapiga nyumbani.

Nyanjige alipokea, lakini kwanza ilisikika ile filimbi ya kifua chake. Mkumbo akamweleza haraka: alikosea, aligawa kwa milango, sasa anagawa kwa vichwa, hewa itakwenda waliko watu, na kwake itabaki ndogo sana.

"Umeshawasha?"

"Bado."

"Unanipigia nikupe ruhusa," alivuta pumzi, "au nikuonee huruma?"

"Nakupigia kwa sababu ni wewe."

Filimbi mbili, tatu. "Kwa hiyo hewa inafuata watu."

"Ndiyo. Mama Monde, naweza kuweka—"

"Washa, Baba Monde. Na usikae kwenye simu."

Akakata yeye. Mkumbo akaufuta ule mstari, herufi moja moja, kisha akawasha.

Feni zilibadilisha sauti mgodi mzima. Nyumba ya arobaini na tatu ikapanda mpaka sabini na sita, ikatulia hapo. Ya kumi na saba ikashuka mpaka saba. Hakuweza kuondoka, maana feni ya ishirini na tisa ilikuwa inakwama kila inapoongezewa, na ilibidi airudishe mwenyewe kwenye skrini. Dakika tatu. Dakika tano. Kila akimaliza ya ishirini na tisa, jicho linakwenda kumi na saba. Vichwa: moja. Vichwa: moja.

Vichwa: sifuri.

Stuli ilianguka nyuma yake. Kipima pumzi hakihesabu watu, kinahesabu wanaopumua. Mkumbo alikuwa mlangoni bila kujua amefikaje, spana mkononi, ishirini na tisa imekwama na inalia, na yeye anaiacha ilie. Mita mia mbili. Angekimbia.

Skrini ikalia tena, mlio mwingine, ule wa hesabu kubadilika. Akageuza shingo.

Nyumba ya arobaini na tatu, vichwa kumi na viwili.

Aliisoma mara mbili. Kisha akarudi, akapiga simu ya ukutani ya huko, akapokea Paskalina.

"Yupo," Paskalina akasema kabla hajaulizwa. "Kaja anashika ukuta. Nimempa kiti kakikataa, kakaa chini ya tundu la feni na mtoto mapajani. Anauliza kwa nini unapiga simu."

Mkumbo akaweka simu. Akaiweka sawa ya ishirini na tisa. Alipotazama tena, nyumba ya nane, ya Mama Mwenyekiti, ilikuwa imetoka mbili ikawa sifuri, na ya tisa jirani yake imeongezeka mbili. Labda walimwona Nyanjige akipita handakini anajikokota, wakamuuliza anakwenda wapi, akawaambia. Labda walihesabu wenyewe. Ya thelathini ikawa tupu. Ya tano. Ya thelathini na nane, yule mzee aliyesema habari za darasa la tano, akahamia kwa wakwe zake ambao hajasema nao tangu mwaka jana.

Mashine pepe inayolinda nyumba tupu inakula umeme bure. Mkumbo akazizima hizo moja moja, akianza na ya kumi na saba, na kila aliyoizima nguvu yake ilikimbilia kwenye zile zilizojaa. Sabini na sita ikawa themanini na nne. Ikawa tisini na moja.

Saa kumi na moja jioni ujumbe ukaingia kutoka kwa Lauwo. Kampuni inaona kwamba mashine ishirini na sita za Kitalu E zimezimwa. Inatoa pole. Inaomba idadi ya marehemu kwa ajili ya kumbukumbu zake.

Mkumbo aliandika kwa kidole kimoja, taratibu, maana hakuwahi kujifunza kwa vyote.

"Nyumba zilizozimwa ishirini na sita. Watu mia tatu na kumi na wawili, nikiwemo mimi, tunapumua. Fomu yako jaza mwenyewe."

Akatuma, akainua stuli, akakaa. Vumbi lilikuwa bado halijatulia, na ya ishirini na tisa ilikuwa imeanza kukwama tena.